Wakituteka: kisa cha dola tano kwa nusu saa

Katika kanda moja iliyorekodiwa Kuze, Mji wa Kale, bibi mmoja anasimulia usichana wake: "Twalikuwa tukipita na mitungi yetu, na wale vijana barazani wakituteka." Kwa mtu wa Mombasa sentensi hii haina fumbo. Kuteka, kwa Kimvita, ni kucheka. Wasichana wanakwenda zao maji, vijana wamekaa barazani, vijana wanawacheka, basi. Katika tafsiri ya Kiingereza aliyopelekewa mteja huko Ulaya, vijana wale walikuwa wakiwateka nyara wasichana.

Mteja ni mtafiti anayekusanya masimulizi ya wanawake wa mjini. Alikuwa na kanda za saa sita, bibi wanne, zilizorekodiwa kwa msaada wa mwenyeji wake hapa, na Kiswahili chake mwenyewe hakivuki salamu. Alipofika kwenye utekaji nyara alishtuka, akaanza kuandika aya nzima juu yake. Bahati yake alimwonyesha mwenzake ambaye mama yake ni mtu wa Lamu. Mwenzake akataka asikie sauti yenyewe. Akasikiliza mara moja, akateka.

Hapo ndipo tafsiri nzima ilipokaguliwa, na makosa yakafuatana kama siafu. "Ndoo hapa, mwanangu," yaani njoo hapa, ilikuwa imegeuzwa ndoo ya maji. Mtele, ambao ni mchele, ulifanywa jina la mwanamume, na kwa kurasa tatu bibi wa watu anakwenda na kurudi kwa bwana Mtele. Mteja akadai pesa zake zote, akatoa nyota moja na maelezo marefu, na akaunti ya mfasiri kwenye soko la kazi la mtandaoni, iliyojengwa kwa miezi minane, ikaporomoka kwa siku mbili.

Mwenye akaunti ni binti wa ndugu yangu. Anakaa Kisauni, amesoma, Kiswahili amekinyonya kwa mama yake na Kiingereza chake ni safi. Nasimulia kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba jina lake lisitoke, na soko lenyewe la mtandaoni nalo naliacha bila jina. Mimi ni mtu wa tafsiri za karatasi: vyeti vya ndoa, hati za mirathi, mikataba ya nyumba. Sikuwa na habari nyingi na masoko haya mpaka alipokuja nyumbani jioni moja ya Julai 2024, laptopu mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Wamenimaliza."

Nilimwambia kwanza anywe chai. Kisha tukafungua faili zote, oda kwa oda, tukakaa nazo siku nne. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Bei ilitoka wapi

Bei ilitoka kwangu, na sina pa kujificha. Novemba 2023, akifungua akaunti, aliniuliza aandike ngapi kwa unukuzi, yaani kuyatia kwenye maandishi yanayosikika, wa sauti ya nusu saa. Nikamuuliza wenzake wanaandika ngapi. Akasema dola tano. Nikamwambia basi nawe andika tano, ukishajulikana utapandisha. Ni ushauri anaopewa kila mgeni wa kazi hizi, na si ushauri wa kijinga. Tano yenyewe ina historia: Fiverr, soko lililoanzishwa Israeli mwaka 2010, lilichukua hata jina lake kutoka kwenye dola tano, kwa kuwa huko mwanzo kila huduma iliuzwa kwa bei hiyo moja. Soko hilo lilikwisha kuiacha sheria hiyo zamani, lakini tano imebaki vichwani mwa watu kama bei ya kuanzia.

Mgeni anaanza chini kwa sababu hana cha kuonyesha ila bei. Mchumi Amanda Pallais alilijaribu jambo hili katika oDesk, soko la kazi za mtandaoni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Aliwaajiri kwa kubahatisha wafanyakazi 952 wa kuingiza data, akawapa kazi ndogo na kuwaandikia maoni hadharani. Waliopata bahati hiyo waliendelea kupata kazi zaidi na kipato kikubwa kuliko walioomba wakakosa. Maana yake ni kwamba maoni ya kwanza ni mali, na mgeni anayejiuza kwa hasara kwa wiki kadhaa hajapotewa na akili. Ananunua maoni.

Shida ni kwamba hakuna anayemwambia lini aache kununua. Binti yetu alikuwa na maoni 30 kufikia Februari, na bei ilikuwa tano. Alikuwa na 140 kufikia Juni, na bei ilikuwa tano. Nilimuuliza kwa nini hakupandisha. "Kila nikitaka kupandisha, ami, naangalia walio chini yangu kwenye ukurasa, wote tano. Nikiweka kumi si watanipita?" Aliogopa kwa haki. Lakini kuna jambo lingine ambalo alilisema baadaye, kwa aibu: oda zilipokuwa nyingi, wingi wenyewe ulimfanya ajione amefaulu.

Hesabu ambayo haikufanywa

Nilitaka kuona pesa kwa shilingi. Soko lake hukata asilimia 20, kwa hiyo dola tano ni nne. Alipoanza, dola ilikuwa zaidi ya shilingi 150, na Januari 2024 ikapita 160. Dola nne zikawa zaidi ya shilingi 600. Kisha shilingi ikapata nguvu ghafla, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa kama 129. Dola nne zilezile zikawa shilingi 516. Nchi nzima ilishangilia shilingi kupanda, naye akapunguziwa mshahara bila bosi kusema neno.

Kwa 516 anafanya nini? Sauti safi ya mtu mmoja aliyekaa karibu na kinasa, mnukuzi mzoefu humaliza saa moja ya sauti kwa saa nne hivi za kazi. Sauti ya barazani si hiyo. Kuna upepo, kuna adhana, kuna tuktuku, kuna mjukuu anayeomba shilingi, kuna bibi wa pili anayedakia. Hapo saa moja inakula saa sita. Nusu saa ya sauti ni saa tatu za kazi, yaani shilingi 172 kwa saa, kabla ya bando na tokeni za stima. (Nyaya za chini ya bahari zilizoleta intaneti ya kasi Afrika Mashariki zilitia nanga hapahapa Mombasa mwaka 2009. Ila Kisauni bado ananunua bando kwa kukadiria, kama mtu anayenunua maji ya mkokoteni.)

Hata hivyo unukuzi haukuwa mahali penye jeraha. Jeraha lilikuwa kwenye tafsiri. Aliongeza tafsiri ya Kiingereza kama nyongeza, dola tano nyingine kwa kila nusu saa, kwa sababu wengine waliongeza. Nilimwambia tuhesabu maneno. Mzee anayesimulia kwa utulivu husema kama maneno 100 kwa dakika. Nusu saa ni maneno 3,000. Mimi nikiwa na afya na hakuna anayenigongea mlango, natafsiri maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku, na siku ya pili napitia. Alikuwa akiuza zaidi ya siku nzima ya kazi yangu kwa dola tano, akabaki na nne.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi sikuwahi kuhesabu maneno. Soko linaniuliza dakika."

Sasa oda ya mtafiti. Saa sita za sauti ni nusu saa 12, kwa dola kumi kila moja: 120. Baada ya makato, dola 96, yaani shilingi 12,384. Kazi iliyomo: saa 36 za unukuzi, na maneno kama 36,000 ya kutafsiri. Ukizijumlisha ni siku 20 za mtu mmoja asiyelala ovyo. Makataa yalikuwa siku saba, na wiki hiyo alikuwa na oda nyingine tisa.

Basi akafanya linalofanywa na karibu kila mwenye akaunti yenye nyota nyingi na bei ndogo: akagawa. Alibaki na saa mbili za sauti, saa nne akawapa marafiki watatu aliosoma nao, kila mmoja 2,000. Mmoja ni wa Nakuru, mwingine Kitui, wa tatu sikuuliza. Ni vijana wazuri na Kiswahili chao ni kizuri, lakini ni Kiswahili cha darasani. Waliyoyasikia waliyaandika, wakayabandika kwenye mashine ya tafsiri, wakasafisha Kiingereza kidogo, wakarudisha. Naye akaunganisha usiku wa mwisho bila kusikiliza tena, kwa sababu kusikiliza tena saa nne za sauti kunahitaji saa nne.

Mashine nayo usiilaumu sana. Mwaka 1928 mkutano wa kuchagua msingi wa Kiswahili sanifu ulikaa hapahapa Mombasa, ukachagua Kiunguja. Vitabu vya shule vikafuata, magazeti yakafuata, na kwenye maandishi hayo ndiko mashine zilikojifunza. Katika Kiswahili hicho kuteka ni kuchota maji au kuchukua kwa nguvu, na ndoo ni ndoo. Bibi wa Kuze na mitungi yake aliongea lugha ya mji wake kwa kinasa cha mgeni, na kila sikio lililofuata lilikuwa limesomeshwa kwingine.

Mteja aliona nini

Tulipomwandikia mteja kumwomba radhi (barua niliiandika mimi, naye akaipunguza maneno, akasema wazungu hawasomi salamu ndefu), alijibu kwa upole kuliko nilivyotarajia. Alieleza alivyochagua. Alitafuta Kiswahili, ukurasa ukaleta wauzaji wengi. Wote waliandika kwamba Kiswahili ni lugha yao ya mama. Wote wana nyota 4.8 au 4.9. Wote wanaahidi kazi bila kosa. "Kama wote ni sawa," aliandika, "kwa nini nilipe zaidi?"

Jibu hilo nililisoma mara tatu. Sisi huku tuna msemo, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeusikia tangu utoto na nimeuamini. Lakini ni msemo wa soko ambalo bidhaa inashikwa. Nenda Marikiti ukanunue samaki: unamtazama macho, unafunua matamvua, unambonyeza ubavu. Nenda Kongowea kwenye mitumba: mwenye belo ameshachambua, kamera, yaani nguo bora, ziko juu kwa bei yake, fagia, yaani makapi, iko chini kwenye turubai, na hakuna anayedai fagia ni kamera kwa sababu nguo utaigeuza mwenyewe. Kwenye ukurasa ule hakuna cha kugeuza. Fagia na kamera zimevaa picha moja ya tabasamu.

Mchumi wa Marekani George Akerlof aliliandika hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, na mwaka 2001 akashiriki tuzo ya Nobeli. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hukubali kulipa bei ya katikati tu. Kwa bei hiyo mwenye gari zima haoni faida, anajitoa. Wanaobaki ni wenye mabovu, bei inashuka tena, na mwenye zima aliyesalia naye anajitoa.

Ila gari bovu litakuzimikia Mariakani. Utajua. Tafsiri mbovu haimzimikii mtu asiyejua lugha yake. Inaingia kwenye ripoti, inasomwa, inanukuliwa, na mnunuzi anaendelea kuamini alinunua kitu kizuri. Mtafiti wetu aligundua kwa sababu ya mama mmoja wa Lamu. Je, zile oda nyingine 139?

Nilimwomba anifungulie maoni yote. Nikayasoma moja moja, na karatasi pembeni. Karibu yote yanasema alikuwa mwepesi, mpole, anajibu ujumbe haraka, amemaliza kabla ya wakati. Yaliyogusa usahihi wa Kiswahili chenyewe yalikuwa saba, na matano kati ya hayo yaliandikwa na watu ambao, kwa maneno yao wenyewe, hawajui Kiswahili. Nyota zilikuwa zimepima adabu. Adabu si kitu kidogo, nami namsifu mama yake, lakini aliyenunua alidhani anasomewa kipimo cha tafsiri.

Na hata kama kipimo kingekuwa cha kweli, kinavimba. John Horton na wenzake, waliochunguza soko moja kubwa la kazi za mtandaoni, walionyesha kwamba wastani wa nyota hupanda mwaka baada ya mwaka kwa kiasi ambacho ubora wa kazi hauwezi kukieleza. Sababu si ngumu: mteja anajua nyota tatu zitamkatia kijana riziki, anaona haya, anatoa tano. Kila mtu akiona haya, tano haina maana tena. Ndiyo maana nyota moja ya mtafiti iliumiza vile. Kati ya tano 139, moja inaonekana kutoka mbali kama taa ya kivuko.

Lawama

Binti yetu alikuja akiwa amekwisha kumhukumu mteja: mkorofi, amekula kazi kisha amerudishiwa pesa. Siku ya pili alijihukumu mwenyewe. Mimi nadhani hukumu inagawanyika vibaya, vipande havilingani.

Mteja ana chake. Mtu anayeweka dola 120 kwa saa sita za sauti za wazee, kazi ya siku 20, alipaswa kujiuliza inawezekanaje. Hakujiuliza kwa sababu soko limejengwa asijiulize: linampa bei, nyota na siku ngapi. Halimwambii saa ngapi za mtu zimelala ndani yake.

Soko lina chake pia, ingawa hapa nasema kwa jumla. Mfumo wa ada unafundisha tabia. Upwork, iliyozaliwa kutokana na kuungana kwa Elance na oDesk, kwa miaka kadhaa ilikata asilimia 20 kwa dola 500 za kwanza kutoka kwa mteja mmoja, kisha 10, kisha 5 ukishapita dola 10,000 na mteja yuleyule. Mwaka 2023 ikaweka 10 moja kwa wote, ikadumu hadi 2025. Wengi walishangilia. Mimi, kwa jicho la mtu wa nje, naona ile ya zamani ilikuwa na busara yake, kwa kuwa ilimlipa mtu kukaa na mteja. Soko linalokata sawasawa kwa oda ya kwanza na ya mia halina sababu ya kukusukuma utulie na watu wachache unaowafahamu.

Lakini kosa zito si bei wala mashine. Ni kwamba sauti za bibi wanne, wakisimulia ndoa zao, misiba yao na majirani zao kwa majina, zilipita kwa WhatsApp kwenye simu za vijana watatu ambao mteja hakuwajua na bibi hawakuwajua. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Hata isingekuwepo, kuna stara. Mteja hakulalamikia hilo kwa sababu hakulijua mpaka tulipomwambia. Na hapo pia bei ya chini ina mkono wake: aliyeuza siku 20 kwa siku saba hana njia ila kugawa, na anayegawa kwa 2,000 hana uso wa kumdai mwenzake kiapo cha siri.

Yaliyojaribiwa

La kwanza lilikuwa jepesi na halikufaa. Alipandisha bei hadi dola 25 kwa nusu saa, ukurasa uleule, maneno yaleyale, akangoja. Wiki tano, oda mbili. Hili ndilo kosa la ushauri unaosambaa kwamba jithamini, pandisha bei. Bei kubwa kwenye ukurasa usioonyesha tofauti ni tano iliyojivika kilemba. Mteja hana sababu ya kuiamini zaidi ya alivyoamini 4.9.

La pili lilitoka kwenye kazi yangu ya zamani. Mtu akiniletea hati ya mirathi iliyoliwa na mchwa, sibuni neno lililopotea. Naandika karatasi ya pembeni: mstari wa saba neno halisomeki, mstari wa kumi na mbili neno lina maana mbili, nimechukua hii kwa sababu hii. Wanasheria wanaipenda karatasi hiyo kuliko tafsiri yenyewe. Nikamwambia naye afanye hivyo kwa sauti. Tukaiita karatasi ya mashaka: dakika, sekunde, neno lililosikika, maana zinazowezekana, aliyoichagua. Tukachukua dakika tatu za sauti yangu mimi mwenyewe nikisimulia habari za Mackinnon, soko ambalo leo ni Marikiti, kwa Kimvita kizito cha marehemu bibi yangu. Akainukuu, akaitafsiri, akaweka karatasi ya mashaka, na pembeni akaweka jinsi mashine ilivyoitafsiri sauti ileile. Ndoo yangu ilikuwa ndoo ya maji. Vyote vinne akavibandika kwenye ukurasa wake.

Sasa mteja asiyejua Kiswahili alikuwa na cha kugeuza mkononi. Hawezi kupima tafsiri, lakini anaweza kuona kwamba hapa kuna mtu anayejua mahali asipojua.

La tatu lilimuuma: aliacha kuuza Kiswahili cha kila namna. Ukurasa sasa unasema mazungumzo ya Pwani ya Kenya, wazee, sauti za barazani, Kimvita na Kiamu cha Lamu, na pale msemaji anapochanganya na Kidigo kuna msikilizaji wa pili, jirani yetu wa Likoni, ambaye jina lake linaandikwa kwenye mkataba. Kiswahili sanifu cha hotuba na taarifa ya habari alikiachia mashine na wenye tano. Mimi nilipinga, nikaona anajifungia mlango. Alikuwa na haki yeye. Kwenye kazi ile ya sanifu bei inaelekea sifuri, na hakuna karatasi ya mashaka itakayoizuia.

Na bei ikabadilika umbo kabla ya kubadilika ukubwa. Unukuzi kwa dakika, dola moja. Tafsiri kwa neno, senti sita za dola. Hakuna tena dola kumi inayobeba vyote.

Oktoba mtafiti alirudi, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Alikuwa ameuona ukurasa mpya. Akauliza saa sita zote zingekuwa ngapi. Hesabu ilikuwa dola 360 za unukuzi na zaidi ya 2,000 za tafsiri, naye akasema hana. Kisha akaandika jambo ambalo kwangu ndilo la thamani zaidi katika kisa hiki: kwamba kwa kweli hakuhitaji saa sita zitafsiriwe. Aliagiza zote kwa sababu zilikuwa rahisi. Alichohitaji ni kanda ya Kuze, dakika 40, inukuliwe yote vizuri, apewe muhtasari wa kila sehemu, kisha yeye achague vipande vya kutafsiriwa. Ikawa dola 40 za unukuzi na maneno 1,500 ya tafsiri, dola 90. Jumla 130, na muhtasari akapewa bure. Baada ya makato, 104, yaani shilingi 13,416 kwa siku zisizozidi nne za kazi. Miezi mitatu kabla, saa sita zote zingempa 12,384, ikiwa asingegawa na ikiwa asingelala.

Sitaki msomaji adhani ametajirika. Oda alizozoea zilikuwa 20 na kitu kwa mwezi, sasa ni tatu au nne. Mwezi wa Novemba ilikuja moja. Mama yake anauliza kama si afadhali arudi kwenye tano, na mimi sina jibu la kumfunga mdomo mama anayelipa kodi ya nyumba.

Kwenye karatasi ya mashaka ya kanda ya Kuze yalibaki maneno matatu ambayo hata mimi sikuyapata. Mteja akaomba, kupitia mwenyeji wake, kama bibi anaweza kuulizwa. Binti akapanda matatu hadi mjini, akatembea mpaka Kuze, na nauli akaiandika kwenye hesabu kama mstari wake peke yake. Bibi alimkaribisha, akasikiliza sauti yake kwenye hedifoni huku akitabasamu, akayaeleza maneno mawili, la tatu akasema hata yeye halisikii, labda ni kikohozi.

Kisha akauliza, "Na hii sauti yangu, mwanangu, ni watu wangapi wameisikia?"

"Nilimwambia watano, ami," binti alinieleza jioni ile. "Mteja, mwenzake, mimi, wewe, na rafiki yangu mmoja. Halafu nikakumbuka kwamba nilituma kwenye kikundi, wote watatu wakaipata. Nikamwambia saba."

Bibi akamwambia basi waambie wale wako waifute. Aliwapigia palepale, akiwa barazani. Wawili walifuta wakiwa kwenye laini. Wa tatu alikuwa ameshauza simu.